Dimetrodoni si dinosau!

Jumamosi nimerudi tena kutoka mjini Kisumu na mfuko wa wanyama wa plastiki, na nimefika nyumbani nimekasirika. Karatasi ya mbele imeandikwa "Dinosau 12". Namwaga mezani, wa kwanza kunitazama ni Dimetrodoni, yule mwenye tanga mgongoni. Jamani, huyo si dinosau! Alitoweka mamilioni ya miaka kabla dinosau wa kwanza hajatokea, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na sisi wanyonyeshao kuliko na wao. Halafu kuna mamothi mwenye manyoya, yule jamaa wa kale wa tembo. Mamothi!

Tiranosau naye kapewa vidole vitatu kila mkono badala ya viwili, na kasimamishwa wima, mkia ukiburuta chini. Wataalamu waliacha kumchora hivyo zamani. Mwanangu wa miaka sita alivihesabu kabla yangu, akauliza, "Baba, hiki cha tatu kimetoka wapi?"

Ila kinachoniuma hasa ni kumkosa Simbakubwa. Jina lake kamili la kisayansi, Simbakubwa kutokaafrika, ni Kiswahili kitupu. Taya lake lilichimbwa Meswa Bridge, huku huku kwetu magharibi, likakaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi miaka na miaka hadi alipotangazwa rasmi mwaka 2019. Mla nyama wa miaka milioni 22 hivi iliyopita, mkubwa kuliko simba wa leo! Nimeuliza maduka matano, na kila muuzaji ananiletea simba wa kawaida. Rafu yangu imejaa wanyama wa kale wa Marekani, na nafasi ya huyu wa nyumbani bado iko wazi.