Kiriba cha Aeolus: mwenye tamaa ni nani?

Katika kitabu cha kumi cha Odyssey, utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, Aeolus, mtunza pepo, anamchuna ng'ombe dume wa miaka tisa na kumtengenezea kiriba Odysseus, mfalme wa Ithaca anayerudi kutoka vita vya Troy. Ndani yake anazifungia pepo zote kali. Nje anauacha upepo wa magharibi peke yake, uzisukume merikebu 12 hadi nyumbani Ithaca. Mdomo wa kiriba anaufunga kwa uzi wa fedha unaong'aa, isipenye hata pumzi. Kwa siku tisa, usiku na mchana, Odysseus anaishika mwenyewe kamba ya tanga, hampi mtu mwingine. Siku ya kumi nchi kavu inaonekana, karibu kiasi cha kuwaona watu wakichochea moto. Hapo usingizi unamlemea. Mabaharia wanakifungua kiriba wakidhani kimejaa dhahabu na fedha, pepo zinafumka, na merikebu zinarudishwa zilikotoka. Aeolus anawafukuza. Wanapiga makasia siku sita bila upepo wowote, na ya saba wanafika kwa Walaestrygones, majitu yanayokula watu. Huko zinaangamia merikebu 11 pamoja na watu wake.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa tamaa mbele, mauti nyuma. Usomaji huo una nguvu, kwa kuwa Homer mwenyewe ameutayarishia njia. Mwanzoni mwa safari, mabaharia haohao waliuteka mji wa Ismarus wa Wacicones. Odysseus anasema waligawana ngawira kwa namna ambayo hakuna aliyepunjwa fungu lake. Kisha akawaambia waondoke upesi, nao wakakataa. Wakakaa ufukweni wakinywa mvinyo na kuchinja kondoo na ng'ombe. Wacicones wakaenda kuita ndugu zao wa bara, wakarudi alfajiri, na kila merikebu ikapoteza watu sita, jumla 72. Mgao ulikuwa wa haki, kila mtu alikuwa na chake mkononi, na bado maafa yakaja kwa sababu hawakujua pa kukomea. Kwa hiyo anayesema ubaya wa tamaa ni kukosa kikomo ana ushahidi wa kutosha.

Midas, mfalme wa Phrygia aliyeomba kila akigusacho kiwe dhahabu, anaongeza uzito upande huohuo. Katika simulizi ya Ovid, mshairi wa Kirumi, mkate unakakamaa mkononi mwake, nyama inageuka dhahabu kati ya meno, mvinyo uliochanganywa na maji unamwagika kooni kama dhahabu ya kuyeyushwa. (Binti anayegeuka sanamu ya dhahabu hayumo kwa Ovid. Aliingizwa na Mmarekani Nathaniel Hawthorne mwaka 1851.) Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alimtumia Midas katika kitabu cha kwanza cha Siasa kuuliza utajiri ni nini, ikiwa mtu anaweza kuwa nao tele na akafa njaa. Jibu lake ni kwamba mahitaji ya nyumba yana mwisho: magunia kadhaa ya nafaka yanatosha mwaka. Fedha inayotafutwa ili izae fedha haina mahali inapofika ikatosha. Hoja hii naiheshimu sana, na sijaona aliyeivunja.

Lakini turudi kwenye kiriba, tuwasikilize mabaharia. Wanachoambizana, kwa ufupi, ni hiki: mtu huyu anapendwa na kuheshimiwa kila mji anaofika, amebeba mali nyingi kutoka Troy, na sisi tuliosafiri safari ileile tunarudi nyumbani mikono mitupu. Hawasemi wanataka kuwa matajiri kuliko wengine. Wanajilinganisha na mtu mmoja aliyekaa merikebu moja nao, wakapiga hesabu, wakaona pengo. Miaka kumi ya vita, kisha unampelekea mkeo nini? Mkono mtupu haulambwi, na walijua hivyo.

Tazama pia ule uzi. Mfuko wa ngozi ukifungwa kwa kamba ya katani unaonekana mfuko wa maji au mvinyo. Ukifungwa kwa fedha inayong'aa, ukalazwa merikebuni siku tisa, na nahodha asiseme hata neno moja kuhusu kilichomo, kila anayepita atawaza lake. Sentensi moja tu ingetosha: humu mna pepo, mkifungua tunakufa. Homer haonyeshi popote Odysseus akiisema.

Malalamiko ya mgao si ya mabaharia hawa peke yao. Katika kitabu cha kwanza cha Iliad, utenzi mwingine wa Homer, shujaa Achilles anamwita Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki huko Troy, mwenye uchu wa mali kuliko watu wote, kisha anaeleza kwa nini: kazi kubwa ya vita inafanywa na mikono yangu, lakini ukifika mgao fungu lako ni kubwa mno, mimi narudi na kidogo. Agamemnon anajibu kwa kumnyang'anya hata hicho kidogo, yaani Briseis, mwanamke mateka aliyekuwa fungu lake. Mshairi Mgiriki Hesiod naye, yapata mwaka 700 K.K., anamlalamikia ndugu yake Perses aliyechukua zaidi ya haki yake katika urithi, akisaidiwa na wakubwa waamuzi. Wakubwa hao anawaita "wala zawadi". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, maana nasi huwa tunasema rushwa inaliwa. Na hapohapo ndipo Hesiod anapoandika kwamba wapumbavu hawajui nusu inavyozidi kizima. Maneno hayo hunukuliwa leo kama wosia wa kuridhika na kidogo, ilhali yaliandikwa na mtu aliyepunjwa, kuwaambia waliompunja.

Hesiod huyohuyo anakiri kuwa kuna shindano jema: mtu anamwona jirani akilima na kupanda, naye anaamka. Kiswahili kinalijua hilo pia, kwa kuwa neno letu tamaa ndilo pia tumaini. Aliyekata tamaa hapigi kasia.

Je, basi mabaharia waachiliwe? Sidhani. Malalamiko yao yalikuwa na mantiki, njia yao ilikuwa mbovu. Kiriba kilikuwa zawadi ya mwenyeji kwa mgeni wake, mwenyewe alikuwa amelala, na kuuliza kulikuwa kunawezekana. Ila nakataa kuwapa wao peke yao jina la wenye tamaa, kwa sababu moja ambayo wasimulizi wengi huiruka: kisa hiki kinasimuliwa na Odysseus. Vitabu vya 9 hadi 12 ni maneno yake mwenyewe mezani kwa mfalme Alcinous wa Wafaecia. Alikuwa amelala mabaharia wakinong'onezana, na wakati anasimulia wote walikuwa wamekufa. Shtaka, ushahidi na hata utetezi wa washtakiwa vyote vinatoka kinywani mwa mtu mmoja, mbele ya wenyeji ambao anategemea ukarimu wao.

Na ukarimu huo anautaka hasa. Katikati ya masimulizi, Alcinous anamwomba asubiri hadi kesho zawadi zikamilike. Odysseus anamjibu kwamba hata wangemwambia akae mwaka mzima angekubali, mradi wamsafirishe na kumpa zawadi tukufu, kwani kurudi nyumbani na mkono uliojaa zaidi kungemletea heshima zaidi. Mikono mitupu ya mabaharia iko katika kitabu cha 10. Mkono uliojaa wa nahodha uko katika kitabu cha 11. Mmoja anaitwa mpumbavu, mwingine anashangiliwa.

Anafika Ithaca peke yake, na shaba, dhahabu na nguo nyingi kuliko fungu ambalo angelitoa Troy lau angerudi salama. Wafaecia wanamshusha akiwa bado usingizini, wanaipanga mali yake chini ya mzeituni, kando ya njia, wanaondoka. Anapoamka haitambui nchi yake mwenyewe. Anajiuliza yuko wapi, anawalaumu waliomleta, kisha anainama kuhesabu: majiko ya miguu mitatu, masufuria, dhahabu, nguo zilizofumwa, aone kama kuna walichomwibia. Hakuna kilichopungua.