Najmeh ndo amenitisha kuliko bastola

Jana usiku nimemaliza kuangalia The Seed of the Sacred Fig, muvi ya Mohammad Rasoulof wa Iran, karibu masaa matatu mazima, na kiukweli usingizi ulikuja kwa shida. Hakuna jini humo wala mzimu. Kuna baba, mama (ndo huyo Najmeh) na mabinti wawili kwenye fleti Tehran, mwaka 2022, kipindi kile watu wameingia barabarani baada ya Mahsa Amini, binti wa miaka 22, kufa akiwa mikononi mwa polisi waliomkamata kwa sababu ya hijabu.

Baba anaitwa Iman, ndo kwanza kapandishwa cheo kwenye mahakama ya mapinduzi, ile ya kesi za usalama wa nchi, mara anatakiwa asaini hukumu ya kifo ya mtu ambaye hata faili lake hajasoma. Anasita, anasaini, zinakuja nyingine na nyingine. Kapewa na bastola ya kujilinda. Siku moja bastola haionekani, na hapo sasa ndo muvi inaanza kukukaba koo, maana Iman anawageuzia mke na watoto yale yale ya kazini, anawapeleka kwa mwenzake wafungwe kitambaa machoni wahojiwe. Wanae wa kuwazaa!

Watu wengi wanamzungumzia Iman. Mimi mtu niliyekuwa namwangalia muda wote ni Najmeh, mkewe. Huyu mama ndo anawaambia wasichana wawe makini na marafiki, wasiweke picha mtandaoni, wavae vizuri, kwa ajili ya cheo cha baba. Ile lugha ya baba kachoka, msimuudhi, subirini atulie, wengine tumekulia ndani yake kabisa, najua inavyofanya nyumba nzima iongee kwa kunong'ona.

Halafu kuna ile sehemu Sadaf, rafiki wa binti mkubwa, analetwa pale kapigwa usoni zile risasi ndogondogo kama punje. Najmeh anakaa naye anazitoa moja moja kwa kibano, zinadondoka kwenye sinki na damu yake, kamera haitoki kwenye uso ule na wewe huna pa kuangalia. Mikono ile ni ya mama kweli. Ila akishamaliza anataka yule binti aondoke kabla mumewe hajarudi. Hapo niliisimamisha muvi nikakaa kimya kama dakika tano hivi. Huruma anayo, tena nyingi, na bado anaitumia kumlinda mwanaume ambaye kesho yake atamfungia ndani na yeye.

Na hili la baba kuwa na mamlaka mpaka juu ya uhai wa wanae Rasoulof hajalitunga. Kwa sheria ya Iran baba akimuua mtoto wake hanyongwi kwa kisasi kama muuaji mwingine, ndo maana mwaka 2020 mkoani Gilan baba aliyemuua binti yake wa miaka 14 kwa mundu alihukumiwa kifungo cha miaka 9.

Wapo wanaosema sehemu ya mwisho, kule kijijini Iman anakoipeleka familia, kwenye magofu, imekuwa ya kukimbizana mno. Sikubaliani nao. Mwanaume aliyekwisha kuwarekodi wanae kwa kamera wakiri kosa atafanya nini kingine zaidi ya kuwawinda? Na Najmeh kule anajaribu kulibeba kosa yeye mwenyewe ili mabinti wapone, mama yule yule wa kunyamazisha watu mezani.

Muvi ilirekodiwa kwa siri. Rasoulof alihukumiwa miaka 8 jela, akatoroka Iran kwa miguu kupitia milimani, Mei 2024 akafika Cannes, kwenye tamasha la filamu kule Ufaransa. Kwenye zulia jekundu alinyanyua picha mbili, ya Missagh Zareh aliyecheza Iman na ya Soheila Golestani aliyecheza Najmeh. Wenyewe walikuwa wamebaki Iran.