Foleni ya Darubini Inatunyima Anga

Usiku wa kutazama nyota ukitangazwa, kinachowavuta watu ni darubini. Tangazo lina picha ya darubini, waandaaji wanaulizwa kama safari hii italetwa ile kubwa, na mtu akishafika anakwenda moja kwa moja kupanga foleni. Hapo ndipo ninapopishana na waandaaji wengi. Kwa maoni yangu, saa nzima ya kwanza ipite bila mgeni yeyote kuisogelea darubini.

Sababu iko kwenye jicho. Mboni hupanuka upesi ukiingia gizani, lakini ile kemikali inayohisi nuru hafifu nyuma ya jicho hujijenga taratibu, na huchukua dakika 20 hadi 30 kabla hujaanza kuona vizuri. Mmoja akiwasha tochi ya simu kutafuta ufunguo alioangusha, wote walio karibu naye wanaanza upya. (Wazoefu hutumia taa nyekundu, tena hafifu, na huwa wakali kwelikweli kwa anayekuja na nyeupe.) Sasa mchukue mgeni aliyetoka kwenye taa za gari, akapanga foleni huku akisoma jumbe, kisha akapewa nusu dakika aione galaksi ya Andromeda, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali sana. Ataona ukungu wa kijivu, au asione kitu. Kwa adabu atasema ameona, atashukuru, na ataondoka akiamini elimu ya nyota ni ya watu wenye macho ya pekee.

Inauma zaidi kwa sababu Andromeda ndiyo fahari ya vuli, yaani majira ya majani kupukutika, katika nusu ya kaskazini ya dunia. Kuanzia Septemba hadi Novemba hupanda juu jioni, na penye giza la kutosha huonekana kwa macho matupu. Njia ya kuifikia anaweza kufundishwa hata mtoto. Tafuta kwanza Mraba Mkubwa wa Pegasus, nyota nne zenye uwanja karibu mtupu katikati. Kona ya kaskazini-mashariki ni Alpheratz. Kutoka hapo fuata mstari wa nyota hadi ya pili, Mirach, kisha pinda kuelekea kundi la nyota la Cassiopeia, pita nyota mbili hafifu, na kando tu ya ile ya mwisho kuna kidoa cha ukungu. Usikikazie macho. Elekeza jicho pembeni kidogo, kwa kuwa katikati ya jicho ni dhaifu gizani, nacho kitajitokeza. Hiyo ni nuru iliyosafiri takriban miaka milioni 2.5. Aliyeipata hivyo, mwenyewe, akienda baadaye kwenye darubini atajua anachokitazama.

Walio kusini mwa dunia vuli yao ni Machi hadi Mei, na wao wana Msalaba wa Kusini, kwa hiyo sitawaonea huruma.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. John Dobson, aliyeshiriki kuanzisha kundi la watazama nyota wa kando ya barabara huko San Francisco mwaka 1968, alikuwa akisimamisha darubini mjini, taa zikiwaka, na kuwaita wapita njia. Watu walifurahi sana, bila saa yoyote ya giza. Ni kweli, maana Mwezi na Zuhali hazihitaji jicho lililozoea giza. Kwa hizo hoja yangu inalegea. Basi mwandaaji aamue mapema: ni usiku wa Mwezi au ni usiku wa galaksi? Ukitaka vyote viwili kwa pamoja, mwanga wa Mwezi utafuta vile hafifu.

Na kama ni Mwezi, tafadhali usiwe mpevu. Mwezi mpevu unaangazwa moja kwa moja, vivuli vinapotea, na ndani ya darubini ni sahani nyeupe inayoumiza jicho. Mwezi wa nusu ndio wenye mambo: kwenye mpaka wa usiku na mchana wake, kingo za kreta, yale mashimo ya duara, zinasimama na vilele vya milima vinawaka huku miguu yake ikiwa bado gizani. Usiku wa Kimataifa wa Kuutazama Mwezi, unaofanyika kila mwaka tangu 2010, Septemba au Oktoba, hupangwa karibu na robo ya kwanza, yaani Mwezi unapoonekana nusu, kwa sababu hiyo.

Vimondo vya Orionidi, ambavyo kilele chake ni karibu tarehe 21 na 22 Oktoba, ni vumbi la kimondomkia cha Halley, na kwavyo darubini ni kizuizi tu. Inatosha kulala chali.

Kuhusu kununua, subiri. Darubini za madukani zinazojisifu kwa ukuzaji mkubwa huja na miguu inayotikisika kwa kuguswa tu, ilhali kinachokusanya nuru ni upana wa lenzi au kioo. Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita) itakuonyesha nyota za Kilimia kwa makumi, pale ambapo macho matupu huona sita au saba. Ukishaizoea, nenda kwenye usiku wa watu wote na uwaulize wenye darubini ina uzito gani, inachukua muda gani kuisimamisha, na mara ya mwisho waliitoa nje lini.