Nesi anayemwacha mgonjwa ainuke mwenyewe

Mzee kavunjika mguu akipogolea mikorosho, kapewa magongo. Anahangaika kuinuka kitandani na nesi kasimama kando, anamtazama. "Sista, si umshike mkono?" Jibu ni fupi: "Mwacheni ajaribu." Hapo ndugu huanza kunung'unika, na manung'uniko hayo tunayasikia sana huku Mtwara.

Ndugu wana haki ya kuogopa. Wodi imejaa, wauguzi wachache, na "mwacheni ajaribu" ya nesi anayeondoka zake ni kumtelekeza mgonjwa. Akianguka, mfupa unaoanza kuunga unaweza kuvunjika upya.

Lakini mtazameni nesi anayebaki. Yuko upande wa mguu mbovu, nyuma kidogo, mkono tayari kumdaka, macho kwenye kwapa la mzee. Gongo la kwapani halikutengenezwa ili kwapa libebe mwili. Uzito ni wa viganja, na juu ya gongo hubaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Anayening'inia kwapani hukandamiza mishipa ya fahamu: ganzi inaingia, kiganja kinaweza kulegea hadi kikombe kimshinde. Aliyelazwa kwa mguu anaongeza na mkono! Na mtu huning'inia akishachoka, ndiyo maana nesi hakimbilii kumshika. Anataka kosa litokee mbele yake, alirekebishe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti mwendo uliweka hatua 8 za huduma, na kumfundisha mtumiaji ni mojawapo. Magongo nayo ni hivyo hivyo.

Nyumbani kuna mchanga unaomeza gongo, kizingiti, na choo cha kuchuchumaa chenye sakafu iliyolowa, ambako gongo lililoisha mpira linateleza. Mzee aliyeinuliwa na wanawe wiki tatu hajui hata gongo aliegemeze wapi. Oktoba korosho zikianza kuokotwa, wanawe wako shambani, yeye kabaki na mjukuu.

Ninachowalaumu wauguzi ni ule ukimya. Hata mkongojo, wengi hudhani hushikwa upande wa mguu unaouma, kumbe ni upande wa mguu mzima. Ndugu atajuaje asipoambiwa? Kabla mzee hajaruhusiwa, nesi amwite yule mwana aliyenung'unika, amsimamishe pale pale alipokuwa amesimama yeye, kisha mzee ainuke tena.