Kigoma na Ujiji: Nani Aliyezilisha Nyumba za Mtaani?

Mzaliwa wa Kigoma ukimuuliza babu zake walikuwa wakifanya kazi gani, mara nyingi atakujibu kwa kazi ya mwanamume mmoja: kuli bandarini, fundi wa reli, baharia wa meli ya Liemba, karani wa forodha. Si uongo. Ila jibu hilo limezoeleka mno, hata historia ya mitaa yetu, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, husimuliwa kana kwamba kila nyumba ilikuwa na mchumaji mmoja na waliobaki wote walikuwa walaji. Mimi naamini masimulizi hayo yanawadhulumu watu wengi. Lakini wanaoitetea bandari, wakisema ndiyo iliyoilisha mitaa hii, wana hoja nzito, na ni haki zisikilizwe kwanza.

Kabla ya reli, mji ulikuwa Ujiji. Huko ndiko misafara kutoka Bagamoyo ilikoishia, na sokoni shanga zilitumika kama fedha kununulia samaki wakavu, mawese na chumvi ya Uvinza. Kilichoipandisha Kigoma ni ghuba yake, yenye kina na iliyokingwa na upepo. Ufuko wa Ujiji una kina kifupi, tena maji yalikuwa yamerudi nyuma baada ya Mto Lukuga, upande wa Kongo, kufunguka miaka ya 1870. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Nyuma yake ikaja meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, kisha ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Hiyo ndiyo Liemba ya leo: Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji nao walipewa eneo lao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Mzigo huo wote ulihitaji mabega, na mabega hayo yalihitaji mahali pa kulala. Ndivyo mitaa ilivyoota.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu ina nguvu kuliko hiyo ya reli na meli, nayo ni kodi. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, si kwa mhogo wala mawese. Wanaume wengi wa Buha, nchi ya Waha, walizifuata fedha hizo mbali, wakaenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaacha wake na watoto kwa miezi mingi, na wengine hawakurudi kabisa. Aliyepata kazi bandarini Kigoma alilipa kodi na jioni akalala kwake. Neema hiyo isidharauliwe. Watoto waliokua na baba ndani ya nyumba, wakati wenzao wa vijijini walimsikia kwa salamu tu, walilelewa na bandari kweli.

Hapo ndipo ninapokubaliana nao. Tunapoanza kutofautiana ni pale "kazi ya bandari" inaposemwa kama kitu kimoja. Fundi au karani wa reli alikuwa na mshahara wa mwezi na kota. Kuli alikuwa kibarua: meli ikifika anaitwa, isipofika anakaa. Tena kota hufuata kazi, na kazi ikiisha familia hufunga virago. Mwanga na Ujiji watu walijenga nyumba za kwao, au walipanga chumba katika nyumba ya mtu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Habari za kota ziliandikwa na mwajiri. Mtaani hapakuwa na mwajiri wa kuandika.

Na mtaa ulikuwa na saa yake nyingine, nayo ni mwezi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Zamani wavuvi waliwavuta kwa moto wa kuni uliowashwa mtumbwini, wakawachota kwa lusenga, ule wavu wa mpini mrefu. Tangu miaka ya 1950 zikaenea karabai na nyavu za kuinua zinazofungwa kati ya mitumbwi miwili, na anayesimama Bangwe usiku akaliona ziwa limewaka taa kama mji wa pili. Mwezi ukipevuka, taa hazina kazi, kwa kuwa dagaa hutawanyika. Mitumbwi hupandishwa ufukoni, nyavu hushonwa, na kwa siku kadhaa nyumba ya mvuvi haina kinachoingia. Sasa fikiria nyumba yenye baba kuli na kaka mvuvi. Mmoja alingoja honi ya meli, mwingine alingoja giza. Wiki ambayo meli na giza vilikuja pamoja, watu walikula wali. Vilipokosekana vyote viwili, ilibidi pawe na mtu wa tatu.

Huyo wa tatu mara nyingi alikuwa mwanamke, naye ndiye asiyetajwa unapouliza kazi za mababu. Alfajiri mitumbwi inaporudi, wanawake ndio wanaopokea dagaa ufukoni, wanaowaanika, wanaowageuza juani na kuwakusanya kabla ya jioni. Mvua za masika zikiwakuta nje, mzigo wote huoza na mtaji hupotea. Hii ni kazi ya mahesabu: kujua ununue kiasi gani kwa anga ile uliyoiona asubuhi, uuze leo au usubiri bei. Kuna pia mawese ya michikichi ya bonde la Luiche, vitumbua vya alfajiri kwa makuli, wali na maharage kwa abiria wanaongoja boti, na kushona cherehani barazani. Zaidi ya yote kuna vyumba. Ujiji ni mji wa Waislamu, na kwa sheria ya mirathi binti naye ana fungu lake katika nyumba ya baba, ingawa ni nusu ya fungu la kaka. Mama mwenye nyumba aliyepangisha vyumba viwili kwa vibarua alikuwa na pato la kila mwezi ambalo wapangaji wake wenyewe hawakuwa nalo.

Kwenye orodha za kodi, mtu kama huyo alionekana vipi? Nyumba ilihesabiwa ili ilipiwe, na mwanamume ndiye aliyedaiwa. Sensa nazo huhesabu kaya, yaani watu wanaoishi na kula pamoja, chini ya mkuu mmoja. Kipimo hicho ni kizuri kijijini. Katika nyumba ya vyumba sita Ujiji kinatatizika. Vibarua watatu wa chumba kimoja wanaochangia chungu ni kaya. Mama mwenye nyumba na wajukuu zake ni kaya nyingine. Na mvuvi anayekula mtumbwini na wenzake siku za giza, kisha kwa dada yake siku za mbalamwezi, utamwandika wapi?

Ujiji ina jambo jingine ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini. Katika nyumba nyingi za enzi za misafara walikuwamo watumwa, wengi wakiwa wametolewa Manyema na nchi nyingine ng'ambo ya ziwa, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922. Kwa hiyo "watu wa nyumba" hawakuwa wote ndugu, na kazi ya ua haikuwa yote ya hiari. Anayetaka kuisifu nyumba ya zamani kama ushirika wa jamaa akumbuke hilo.

Mtetezi wa bandari atanijibu kwamba dagaa bila treni ni kitoweo tu. Jibu hilo linaniuma kwa sababu lina ukweli. Mafuriko yalipoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Kigoma ilikuwa bado na barabara mbovu, na magunia ya akina mama yalikwama sawasawa na makontena. Soko la mbali lililetwa na reli. Lakini tazama vikwazo vya biashara dhidi ya Burundi, kati ya 1996 na 1999, vilivyoibana mizigo ya Bujumbura. Kibarua aliyetegemea mzigo huo alirudi nyumbani mikono mitupu, akakuta jungu liko motoni. Reli haikuweka jungu lile motoni. Waliokianika chakula chake juani tangu alfajiri walikuwa na majina, na katika nyumba nyingi za Ujiji na Mwanga bado wapo wajukuu wanaoyajua majina hayo, kama tutawahi kwenda kuwauliza bibi alikuwa akifanya kazi gani.