Kusini Haianzii Mbeya

Mashine yetu ya kubangua korosho iliharibika Jumanne asubuhi, katikati ya oda. Kisu cha kupasulia ganda kilipinda, mota ikanguruma kidogo, kisha kimya. Kina mama tisa tukabaki tunaangaliana, magunia yamejaa ukutani. Nikapiga simu kwa kampuni iliyotuuzia. Binti aliyepokea alikuwa mpole, akaniuliza niko wapi, nikamwambia Nachingwea, mkoa wa Lindi. Nikasikia anabofyabofya. Kisha akasema: "Sawa dada yangu, wewe uko Kanda ya Kusini. Fundi wa Kanda ya Kusini yupo Mbeya. Ileteni mashine pale ofisini."

Nikamwambia, mdogo wangu, kutoka hapa hadi Mbeya, nipite Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Makambako, ni karibu kilomita 1,000. Dar es Salaam ni karibu zaidi. Akanijibu kwa upole uleule kwamba Dar ni Kanda ya Mashariki na mfumo haumruhusu.

Basi tukabangua kwa mikono. Aliyewahi kubangua kwa mikono anajua. Yale mafuta ya ganda yanaunguza. Unajipaka majivu vidoleni, unapasua, unajipaka tena, na bado jioni ngozi inakuwa nyeusi na inabanduka kama ya kitunguu. Mama mmoja kwenye kikundi chetu alishindwa kushika kijiko usiku ule, akalishwa na mjukuu wake. Ndiyo maana naandika. Wengine mtaona nagombana na neno tu. Mimi nimeona neno hilo linavyofika mpaka kwenye vidole vya watu.

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa, sina ugomvi nanyi hata kidogo. Mna jina lenu zuri, Nyanda za Juu Kusini, na linawaeleza sawasawa: milima, baridi, viazi, chai, ulanzi. Ugomvi wangu ni na wale wanaokaa ofisini na kukata hayo maneno matatu ya mwanzo ili wabaki na moja la mwisho. Wakishalikata, Kusini yote inakuwa Mbeya na Iringa, na sisi wa Lindi na Mtwara tunageuka kuwa pembe ya mbali ya eneo ambalo kitovu chake hatujawahi kukiona.

Tazameni utalii. Ukisikia mradi mkubwa wa kufungua utalii wa Kusini, mbuga zinazotajwa ni Ruaha, Udzungwa, Nyerere na Mikumi. Mikumi ni Morogoro! Nyerere nakubali, sehemu yake inaingia Liwale, lakini mgeni huingilia upande mwingine kabisa. Kilwa Kisiwani, ambayo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifia, inasubiri nje ya mlango wa nyumba yenye jina lake. Tendaguru, kule ndani ya Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, wakaibeba, na mpaka leo ule mkubwa umesimama Berlin. Watoto wa shule za hapa hawaoni hata kibao njiani.

Mtu ataniambia, haya, dira inasema nini? Dira haitusaidii. Mji wa Mbeya uko karibu latitudo moja na Kilwa. Sumbawanga iko kaskazini zaidi ya Kilwa. Na Songea iko kusini zaidi ya Mtwara mjini. Kwa dira peke yake Mngoni angetushinda sote. Lakini Mtanzania akisema "yule ni mtu wa Kusini", hatazami ramani. Anamaanisha mtu fulani, mwenye lafudhi fulani, aliyetoka ng'ambo ya mto fulani. Sote tunajua ni mto gani.

Ni Rufiji. Mpaka wa kaskazini wa Kusini ni Rufiji, na umechorwa na maji na mateso. Waliosafiri kabla ya 2003 wanakumbuka Ndundu, foleni ya kusubiri kivuko, mabasi yaliyolala siku mbili kando ya mto, mihogo ya kuchoma iliyopanda bei kadiri maji yalivyopanda. Masika ikiingia, Kusini ilifungwa. Mgonjwa alisubiri, maiti ilisubiri, barua ya ajira ilifika wakati nafasi imeshachukuliwa. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, akajenga daraja lenye jina lake, na bado baada ya daraja kile kipande cha kilomita 60 cha Ndundu hadi Somanga kikaendelea kututesa kwa miaka. Tulipodhani yamekwisha, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vikakata barabara palepale Somanga, na wenye haraka ya kwenda Dar wakazunguka kupitia Songea. Watu waliofungiwa pamoja kwa vizazi vyote hivyo, nyuma ya mto mmoja, wanakuwa watu wamoja. Wamwera, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga, kila mmoja na lugha yake, lakini kilio cha barabara kilikuwa kimoja.

Mama yangu, basi likishavuka daraja lile, huvua viatu. Bado kuna safari ya mamia ya kilomita, lakini yeye anavua viatu, anakunja miguu kwenye kiti, anaanza kuongea Kimwera na yeyote aliye karibu.

Mpaka wa upande wa kusini ni mto Ruvuma, hapo hakuna mjadala, ingawa kwa Wamakonde mto si kitu, shangazi yuko huku na binamu yuko Msumbiji. Mashariki ni bahari. Shida iko magharibi, na hapa nimewahi kubishana mpaka chakula kikapoa.

Mimi nasema Kusini inaishia pale ukoo unapoacha kufuata mama.

Nieleze kwa jambo lililotokea nyumbani kwetu. Mdogo wangu alipochumbiwa na kijana wa Kilimanjaro, wakwe walikuja na mshenga hodari wa maneno. Walifika saa nne asubuhi, wakamkuta baba barazani, wakamwamkia kwa heshima zote na kuanza kueleza shida yao. Baba akawasikiliza, akawapa chai, akawapa korosho, akawaambia, "Karibuni sana, kuleni. Mwenye neno bado yuko njiani." Mshenga akadhani ni namna ya kupandisha mahari. Saa sita wakaleta hoja tena, baba akarudia lilelile. Saa kumi na moja jioni, wale wageni wameshaanza kunong'ona kwamba wamedharauliwa, ikaingia pikipiki kutoka upande wa Liwale, na juu yake mjomba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia mkutano kwanza. Aliomba maji, akanawa uso, akamwita mdogo wangu jikoni, akamuuliza swali moja: "Mwanangu, huyu unamtaka wewe, au wanamtaka wao?" Alipojibiwa akatoka, akakaa kwenye mkeka, na ndipo mazungumzo yakaanza. Yalichukua dakika ishirini. Baba hakuona kupunguzwa, maana yeye mwenyewe ana watoto wa dada zake ambao hawawezi kuolewa bila neno lake.

Hiyo ndiyo Kusini. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye ukuta wake. Utaikuta kwa Wamwera, kwa Wamakonde, kwa Wamakua, kwa Wayao. Ukivuka ukafika kwa Wangoni, kwa Wamatengo, ukapanda mpaka kwa Wahehe na Wanyakyusa, neno ni la baba. Sisemi kipi ni bora, nasema hapo pana mpaka wa kweli, uliopo kabla ya mkoloni na kabla ya kanda za makampuni. Na mpaka huo unapita ndani ya mkoa wa Ruvuma: Tunduru ni yetu. Wayao wa Tunduru wana korosho kama sisi, wanacheza jando na unyago kama sisi, na babu zao walitembea njia moja na babu zetu, ile njia ndefu ya misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, njia ya pembe na, kwa uchungu, ya watumwa. Mtu wa Tunduru akisema yeye ni wa Kusini hakuna anayemuuliza swali la pili.

Na Songea? Rafiki yangu Mngoni huniandama kwa hili kila tukikutana, na ana hoja, siwezi kukana. Enzi za Mwingereza kulikuwa na Jimbo la Kusini, makao yake Lindi na baadaye Mtwara, na Songea ilikuwa ndani. Kubwa kuliko hilo, Majimaji. Vita vilianza 1905 kwa Wamatumbi, pale Nandete, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, vikashuka Liwale na Masasi, vikafika Ungoni, na mwaka 1906 Songea Mbano, nduna wa Wangoni, akanyongwa. Damu hiyo ilimwagika pamoja, na njaa iliyofuata tuliila pamoja. Kwa hiyo Mngoni akitaka kiti kwenye Kusini nitamsogezea. Ila akae akijua kwamba yeye mwenyewe, akiwa na watani zake Wayao, ndiye huwa wa kwanza kuwaita "nyie watu wa Kusini".

Watu wa pwani wa Kilwa wengine huniambia wao ni Waswahili tu, wanatazama bahari, hawana habari na Newala. Sawa. Lakini wakipanda basi Dar wanashukia stendi zilezile.

Unyago sitauongelea sana, maana umeshasemwa vibaya mpaka basi na watu wanaodhani ni mafunzo ya chumbani peke yake. Mimi nilifundishwa mle namna ya kukaa na mgonjwa, namna ya kupokea mauti, namna ya kumjibu mkubwa bila kujidhalilisha. Yako ya kurekebisha: mtoto asitolewe darasani, sherehe zingoje likizo, na asiingizwe akiwa mdogo mno. Nayasema haya hapa nyumbani kila mwaka. Hata Askofu Lucas wa Waanglikana kule Masasi, karibu miaka mia iliyopita, alielewa kwamba jando haliwezi kufutwa, akaliingiza kanisani badala ya kulipiga vita.

Narudi kwenye jina, maana ndilo lililonitoa nyumbani. Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu sisi tumeshanyang'anywa jina mara moja. Kuna watu wanaitwa Wamachinga. Wapo, Lindi, wana lugha yao na makaburi yao. Vijana waliotoka huku miaka ile wakaenda Dar kutembeza bidhaa mkononi, wa Lindi na wa Mtwara, wakaitwa wote kwa jina hilo, na leo machinga ni mtu yeyote mwenye meza ya mitumba kutoka mkoa wowote. Siku hizi wako hata wanaoeleza kwa kujiamini kwamba ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyoungwa. Bibi wa Kimachinga akisikia redioni kwamba "machinga waondolewe barabarani", mnafikiri anasikia nini? Nimemwona mmoja akizima redio. Hakusema kitu, alizima tu, akaendelea kutwanga.

Sasa lile lililobaki, Kusini, nalo linakwenda hivyohivyo. Na ndilo jina tunalodaia. Tulipotaka barabara tuliomba kama watu wa Kusini. Reli ya kutoka Mtwara hadi hapa Nachingwea, iliyojengwa kwa ule mradi wa karanga wa Mwingereza, iling'olewa baada ya uhuru, na wazee wanaoilalamikia wanasema "reli ya Kusini". Tulipokuwa mstari wa mbele, FRELIMO wakiwa na kambi hapa Nachingwea wakati wa vita vya kuikomboa Msumbiji, tuliishi na hofu ya ndege za Mreno kama watu wa Kusini, na tulifanya hivyo kwa moyo. Mwaka 2018 bei ya korosho ilipogombaniwa na jeshi likaja kusomba mzigo, wakulima waliosubiri malipo walikuwa wa Kusini. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inaitwa ya taifa, na ni kweli ni ya taifa, nami nakubali. Lakini ikija zamu ya kugawa ofisi, mafundi, matawi na mabohari, "Kusini" imeshapata, ipo Mbeya, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana kiko sawa. Atakayesoma ripoti ile Dodoma hatajua kamwe kwamba kutoka Newala mpaka kwenye hilo tawi ni safari ya siku mbili.

Juzi nilipiga tena. Akapokea binti yuleyule, nikamtambua sauti. Nikamwomba aandike kwenye faili letu maneno haya, neno kwa neno: mteja yuko Kusini, Mtwara ni karibu, Mbeya si kwao. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia mama yake ni Mmakua wa Masasi. Akasema atajaribu kumwomba mkubwa wake fundi aje kwa basi la Dar. Nimemwambia akishuka hapa asitafute pa kulala, atalala kwetu. Korosho bado zipo magunia kumi na manne.