Jaji Mwalusanya naye alikuwa mtumishi wa umma

Binti wa dada yangu kamaliza Shule ya Sheria mwaka huu, juzi tulikaa nyumbani tunaongea maisha nikamuuliza mbona hajaomba zile nafasi za mawakili wa serikali, akanijibu, "Anko, mi nataka haki za binadamu, serikalini ntaenda kutetea vitu ambavyo hata sivikubali." Nikanyamaza maana kuna ukweli ndani yake. Lakini toka siku ile sijatulia, na najua hayuko peke yake, vijana wengi wa sheria wanaona ukitaka kupigania usawa lazima ukae nje, ukishaingia ndani ukala mshahara wa serikali basi umeshanunuliwa.

Mi naomba wamsome James Mwalusanya.

Huyu alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, mshahara wake unatoka hazina sawa na wa mwalimu na nesi. Mwishoni mwa miaka ya 80 alikuwa anasikiliza mashauri Mwanza, na moja ya rufaa zilizofika mezani kwake ni ile ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambayo sisi watu wa Kagera tunatakiwa tuijue kama tunavyojua majina ya babu zetu. Bi Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la ukoo toka kwa baba yake, kwa wosia halali kabisa. Alipoona umri umeenda na hana wa kumtunza akaliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, yaani siku moja baadaye, ndugu wa ukoo, ndo huyo Ephrahim, keshafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha anadai mauzo yafutwe kwa sababu mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na akashinda, bibi akaamriwa arudishe hela yote.

Sasa msidhani ile mahakama ya mwanzo ilijitungia. Sheria ya mila iliandikwa, ipo kwenye Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, kanuni ya 20, inasema mwanamke ardhi ya ukoo anaweza kupewa aitumie tu, kuuza hapana. Kwa lugha ya kwetu, palilia migomba, kata ndizi, kula, zika wazazi wako pale, ila kibanja, yaani shamba lenyewe, sio chako. Mwanaume wa ukoo huohuo yeye anaweza kuuza. Na mwaka 1968 suala hilihili la mila ya Wahaya lilishafika Mahakama Kuu, jaji wa wakati ule akaona mila ndo hiyo na mahakama haiwezi kuibadilisha kwa sababu tu yenyewe inaona haifai.

Kilichobadilika kati ya 1968 na 1990 ni Katiba. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, halafu kuanzia Machi 1988 mwananchi akaruhusiwa kwenda mahakamani kuzidai. Pamoja na hiyo kulikuwa na sheria ya mpito, kifungu cha 5, kinachoitaka mahakama isome sheria za zamani pamoja na marekebisho yanayohitajika ili ziendane na Katiba. Kila hakimu na kila jaji nchi hii alikuwa na kifungu hicho. Mwalusanya akakitumia. Februari 1990 akaandika kwamba kanuni ya 20 inabagua kwa jinsia, ibara ya 13 inakataza ubaguzi, Tanzania imeridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, kwa hiyo kuanzia siku ile wanaume na wanawake wana haki sawa kurithi na kuuza ardhi ya ukoo na mauzo ya Bi Holaria ni halali. Ndugu kama anaitaka sana hiyo ardhi akapewa miezi sita aikomboe kwa hizohizo 300,000. Hapo ndo napenda zaidi, maana ukoo hakuutukana wala hakuufuta, aliuwekea masharti yaleyale ambayo ungewekewa kama muuzaji angekuwa mwanaume.

Kuna mtu mwingine ambaye hatajwi kabisa kwenye stori hii na inaniuma. Kabla ya Mwanza rufaa ilipita mahakama ya wilaya ya Muleba, na hakimu wa pale ndo alikuwa wa kwanza kumpa bibi haki yake kwa kutumia Katiba. Hakimu wa wilaya, miaka ya 80, Muleba, hana waandishi wa habari mlangoni, anaishi palepale na watu wa koo zilezile. Nikimfikiria yule nashindwa kabisa kukubali kwamba kazi ya serikali inaua dhamira ya mtu.

Na Mwalusanya hakuishia kwa wanawake. Kesi ya Daudi Pete alisema sheria inayomnyima mtu dhamana moja kwa moja kwa sababu tu kashtakiwa kwa kosa lenye shambulio au tishio la kutumia nguvu inavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani mwaka 1991 ikakubaliana naye. Mwaka 1994, akiwa Dodoma, akasema adhabu ya kifo ni ya kikatili na inakiuka Katiba, hiyo Mahakama ya Rufani ikaipindua mwaka uliofuata. Alishinda akashindwa, na kesho yake akaendelea na majalada mengine.

Mi nina sababu yangu binafsi ya kuishikilia kesi hii. Shangazi yangu, dada wa baba, aliachiwa kibanja, na alipotaka kuuza kipande atibiwe macho wazee wakakaa wakamwambia mtoto wa kike hauzi, akaenda kulalamika ofisi moja huko huko akaambiwa arudi akaelewane na kaka zake. Hii ilikuwa baada ya 1999, wakati sheria zote mbili za ardhi zinasema wazi mwanamke ana haki sawa na mwanaume kupata, kutumia na kuuza ardhi. Aliyekuwa anamhudumia pale dirishani alikuwa mtumishi wa umma. Angejua tu kwamba kuna hukumu ya 1990 shangazi angetibiwa mapema, alikuja kutibiwa kwa michango yetu jicho moja limeshapotea.

Ndo maana hukumu moja haitoshi, inahitaji watu wa kuibeba. Wajane wawili wa Shinyanga walifukuzwa na wakwe baada ya waume kufariki, wakafungua kesi kupinga kanuni zilezile za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba zinabagua halafu ikagoma kuzifuta kwa kuhofia kufungua mlango wa kesi za kila mila, na 2010 rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya nyaraka. Kasoro ya nyaraka jamani! Ikabidi kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 2015 iseme kwamba haki zao zilivunjwa. Kifungu cha 5 kilikuwepo muda wote huo.

Na kwenye kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi ya umri wa ndoa, ambayo tunaishangilia kwa haki, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti kuolewa na miaka 15 au 14, vinakiuka Katiba. Aliyekata rufaa ni serikali, ikashindwa Oktoba 2019. Miaka mitatu ya mabinti imeliwa pale. Mawakili wa serikali waliosimama kutetea miaka 15 walikuwa wanafanya kazi waliyotumwa, hapo mpwa wangu ana hoja kubwa na sitaki kuifunika. Lakini kabla ya rufaa kuna kikao, kuna dokezo, kuna mtu anaandika ushauri kwamba tukate au tusikate, na mi nataka anayeandika lile dokezo awe mtu kama mpwa wangu. Kumwambia mkubwa wako kwa maandishi kwamba hapa mheshimiwa tumekosea, turekebishe sheria, hiyo nayo ni kazi ya haki za binadamu hata kama hakuna atakayeiona.

Nilimtumia hukumu ya Pastory nzima, sio muhtasari. Siku mbili kimya. Jana usiku kaniandikia anauliza sheria ya mpito ya 1984 anaipata wapi, anataka kusoma mwenyewe maneno ya kifungu cha 5.